Dozi Iliyoandikwa na Dozi Iliyomfikia Mgonjwa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Tibakemikali Mombasa

Ninyi mnaoanza kazi katika chumba cha tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, wafamasia kwa wauguzi, mtafundishwa mapema kukagua dozi ili isizidi, na ni haki yenu kufundishwa hivyo, kwa kuwa dozi iliyozidi huua upesi. Ninalowaomba ni kuikagua kwa bidii ileile dozi iliyopungua. Madhara yake huchelewa. Saratani ya matiti hurudi baada ya miaka, kwenye mifupa au ini, na wakati huo ni nadra mtu kufungua faili la zamani kutazama ni miligramu ngapi zilikatwa na ni wiki ngapi zilipotea.

Mwaka 1995 Gianni Bonadonna na wenzake wa Milan walichapisha matokeo ya miaka 20 ya wanawake waliopewa dawa tatu za tibakemikali, saiklofosfamidi, methotreksati na fluorourasili, baada ya upasuaji wa saratani ya matiti, na waliopata angalau asilimia 85 ya dozi iliyopangwa walikuwa na hali bora kuliko waliopata pungufu. Uchambuzi huo ulitazama nyuma, na huenda waliomaliza dozi walikuwa na afya nzuri zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo usitegemewe peke yake. Hata hivyo, utafiti wa CALGB, kundi la watafiti wa saratani la Marekani, uliowagawa wagonjwa kwa kura, ulionyesha pia kwamba waliopangiwa dozi ya chini walipata matokeo mabaya zaidi, huku utafiti mwingine wa kundi hilohilo ukionyesha kwamba kupandisha doksorubisini, dawa nyingine ya tibakemikali, kutoka miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili hadi 75 au 90 hakukuleta faida. Kwa hiyo tunalinda dozi ya kawaida. Hatutafuti kubwa zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 90 ana eneo la mwili la mita 2 za mraba: zidisha urefu kwa uzito, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Doksorubisini yake, kwa miligramu 60 kwa kila mita, ni miligramu 120. Wapo watakaomwonea huruma kwa unene wake na kumhesabia kana kwamba ana kilo 65, ambapo eneo linakuwa 1.7 na dozi miligramu 102. Hiyo ni asilimia 85 kamili, na matibabu bado hayajaanza. Miongozo ya kitaalamu imekuwa wazi tangu 2012 kwamba mgonjwa mnene apewe dozi ya uzito wake halisi pale lengo ni kumponya, kwa hiyo mpimeni kila mzunguko wala msinakili uzito wa mwezi uliopita.

Muda nao ni sehemu ya dozi. Mizunguko minne ya kila siku 21 huchukua wiki 12. Miwili ikichelewa wiki moja moja, zinakuwa wiki 14, na kasi ya dawa, yaani dozi anayopata kwa wastani kila wiki, inashuka hadi asilimia 86 hivi ingawa hakuna miligramu hata moja iliyokatwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha wanawake zaidi ya 37,000 kutoka tafiti 26, uliona kwamba kupunguza pengo kati ya dripu, au kutoa dawa kwa mfuatano ili kila moja ipewe kwa dozi kubwa zaidi, kulishusha vifo vya saratani ya matiti katika miaka 10 kutoka asilimia 21.3 hadi 18.9. Dripu za kila wiki mbili huhitaji filgrastimu ya kuinua chembe nyeupe, nayo si kila familia inaimudu. Kuitunza tarehe ya kila wiki tatu, lakini, kuko ndani ya uwezo wetu.

Hapa kwetu Pwani naona sababu moja ya kuahirisha ambayo haizungumzwi vya kutosha. Watu wengi wenye asili ya Afrika huzaliwa na idadi ndogo ya neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi, bila kuwa wagonjwa, jambo linalohusiana na kukosa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Mama wa Kwale au Kisauni anaweza kuwa na neutrofili 1,400 kwa kila mikrolita ya damu tangu kabla ya dripu ya kwanza, na anayefuata mpaka wa 1,500 bila kutazama kipimo hicho cha mwanzo atamrudisha nyumbani kila mara. Wekeni kipimo cha mwanzo juu ya faili, na msimwahirishe kabla daktari wa saratani hajakiona.

Sababu nyingine hazimo kwenye maabara. Mgonjwa wa Lamu au Tana River hutafuta nauli ya kwenda na kurudi, wa Likoni husubiri feri akiwa na kichefuchefu, na mwingine husubiri idhini ya bima. Mwezi wa Ramadhani, mwulizeni mapema na kwa heshima kama amekusudia kufunga, ili ruhusa ya kutofunga aliyonayo mgonjwa izungumzwe pamoja na familia yake kabla ya tarehe ya dripu. Damu ipimwe siku moja au mbili kabla, karibu na kwake ikiwezekana, asije akasafiri bure.

Zipo sababu halali za kupunguza: bilirubini iliyopanda, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha ini limelemewa, ganzi kali ya vidole kutokana na dawa ya paklitakseli, moyo uliodhoofika, homa iliyokuja wakati chembe nyeupe zimeshuka. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa, nafuu yake ndiyo inayotangulia, na dozi hufuata. Ila kila punguzo liandikwe na sababu yake, asilimia yake na jina la aliyeamua, na katika mzunguko unaofuata mwulize tena kama sababu hiyo bado ipo, kwa maana punguzo la mara moja huwa linanakiliwa hadi dripu ya mwisho.