Silii, sifurahi, sijielewi: nimepatwa na nini?

SWALI: Daktari, miezi kadhaa sasa sihisi kitu. Nilipofiwa na rafiki, chozi halikutoka. Nikapandishwa cheo, nako hivyo hivyo. Mara nyingine najiona kwa mbali, kama namtazama mtu mwingine akiishi maisha yangu, halafu ghafla hasira inanipanda bila sababu. Najiuliza mimi ni nani hadi nachoka. Natumia dawa za sonona tangu mwaka jana. Ndiyo nimekwisha?

JIBU: Hujaisha, dada yangu. Ila jambo la dawa, ulilolitaja mwishoni kana kwamba si kitu, mimi naanza nalo. Dawa za sonona za kundi liitwalo SSRI, kama fluoxetine na sertraline, hupunguza makali ya huzuni, lakini kwa baadhi ya watu hufifisha pia furaha, machozi na hamu ya tendo la ndoa. Kumbuka: ganzi hii ilikuja kabla ya dawa, baada ya kuanza, au dozi ilipoongezwa? Mweleze aliyekuandikia, anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia. Usiache mwenyewe ghafla, unaweza kupata kizunguzungu na kukosa usingizi, na sonona yenyewe inaweza kurudi.

Kama ganzi ilitangulia dawa, basi huenda ni sonona hiyo hiyo ambayo bado haijatulia. Wengi hudhani sonona lazima iwe na kilio. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unataka dalili 5 au zaidi kwa wiki 2, na kati yake iwemo huzuni au kupoteza hamu ya mambo. Yaani hata bila huzuni, hiyo ya pili inatimiza sharti hilo, mradi dalili nyingine zifikishe 5. Omba pia kipimo cha damu cha tezi ya shingo, maana ikizembea huweza kuleta uchovu na ubaridi wa hisia wa namna hii.

Kujiona kwa mbali kunatisha, lakini si kichaa: wewe mwenyewe unajua kuwa ni hisia tu. Huandamana na wasiwasi mwingi, kukosa usingizi, bangi, au mshtuko wa zamani.

Hasira hainisumbui sana. Inaonyesha hisia zipo. Sidhani kama haina sababu. Badala ya kujiuliza “nahisi nini?”, uliza mwili unafanya nini, kisha uandike mstari mmoja: “Saa nne, taya zimekaza, bosi kaahirisha likizo yangu.” Baada ya siku chache soma mistari yote kwa pamoja uone ni nani au nini kinajirudia.

Ukianza kuwaza kufa au kujidhuru, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu wa karibu akusindikize.

Swali la “mimi ni nani” liweke kando kwanza. Kuvunja ndoa, kuacha kazi, kuhama: ukiweza, ahirisha yote hayo hadi dawa iangaliwe.