Muulize Fundi: Ribiti za lori la jeshi zimelegea, nichomelee?

Swali: Fundi jambo. Mimi mwanajeshi mstaafu, niko Jinja. Nina Bedford RL, lile lori la jeshi la miaka ya 1950, nililikuta limekaa kwenye nyasi miaka mingi na nataka lirudi vile lilivyokuwa. Nikigonga ribiti za chesisi (zile pini za chuma zinazobana fremu ya lori) kwa nyundo zingine zinalia vizuri, zingine zinalia kama kopo, na pembeni ya vichwa kuna kutu nyekundu inatoka kama machozi. Kijana wa welding anasema atachomelea zote kwa siku moja. Nimkubalie?

Jibu: Afande, jambo sana. Tafadhali usimkubalie. Hiyo kutu nyekundu inakwambia mabati mawili yanasuguana, ribiti haishiki tena, na ukichomelea kichwa juu unakuwa umefunika ugonjwa tu, ndani bado inacheza. Tena moto wa welding unabadilisha chuma pale pembeni, na chesisi ya lori imetengenezwa ijipinde kidogo barabarani, sasa ukiikaza hapo ufa utaanzia hapohapo kando ya welding, nimeona hivyo mara nyingi mpaka roho inaniuma.

Kazi ya ribiti ni mbili: kujaza tundu lote, na kuvuta mabati yabanane. Chochote utakachoweka badala yake kipime kwa hayo mawili.

Ukitaka ya asili kabisa, piga ribiti za moto. Kama hujawahi kuona ribiti zilizopigwa vizuri nenda kaangalie daraja la reli hapo kwenu Jinja, lile la 1931, bado treni inapita. Unahitaji jiko la mkaa lenye upepo wa nguvu, koleo, nyundo nzito, chuma kizito cha kushikilia nyuma, na kifaa chenye shimo la mviringo la kutengeneza kichwa (mafundi wa Katwe, Kampala, wanakuchongea). Pasha ribiti mpaka iwe rangi ya chungwa, kama digrii 1,000 hivi. Ikianza kurusha cheche nyeupe kama fataki imeungua, itupe, usiihurumie. Kisha ni haraka haraka: mmoja anaingiza, mwingine anabana kichwa kwa nyuma kwa uzito wake wote, wewe unapiga, kwanza moja kwa moja ili mwili wa ribiti uvimbe ujaze tundu, halafu ndo unatengeneza kichwa. Rangi ikishuka chini ya nyekundu acha kupiga. Ikipoa inajikaza, na huko kujikaza ndiko kunavuta mabati, ndo maana ribiti ya moto inashika namna ile.

Urefu je? Chukua unene wa mabati, ongeza mara moja na nusu ya kipenyo. Mfano mabati mawili ya milimita 6 na ribiti ya milimita 12: 12 jumlisha 18, inakuwa 30, kwa moto ongeza milimita mbili tatu maana tundu lina nafasi kidogo. Na usikate nondo za ujenzi ukafanya ribiti, zina mabonde na huwezi kujua zitafanyaje ukizipiga, tafuta chuma laini cha mviringo.

Kama huna watu wa kukusaidia, boliti inafaa, sioni aibu yoyote hapo. Lakini iwe ya 8.8 (hiyo ni namba ya uimara wa boliti), na tundu lipanuliwe kwa rima, kifaa cha kupanua na kulainisha tundu, mpaka boliti iingie kwa kugongwagongwa kidogo, isiingie yenyewe kwa kidole. Sehemu laini isiyo na meno ndo ikae pale mabati yanapokutana. Weka nati za kujifunga. Kwa macho, mpelekee fundi wa lezi (mashine inayozungusha chuma kikichongwa) achonge kichwa kiwe mviringo, ukipaka rangi mtu hajui. Zile ribiti za bunduki ya mkono, za pop, kwa chesisi hapana kabisa, katikati ni tupu.

Kutoa za zamani: saga kichwa kwa grainda, toboa katikati, sukuma kwa panchi. Gesi usitumie, inaharibu tundu. Vaa miwani na maski, rangi za zamani za jeshi zinaweza kuwa na madini ya risasi (lead) yenye sumu ndani. Na ubadilishe moja moja, zingine zikiwa zimeshika, ukitoa zote pamoja chesisi itahama na hutairudisha kwa macho.

Swali: Fundi, Land Rover yangu ya Series II mabati ya bodi yamefanya unga mweupe pale nilipoweka ribiti mpya. Nimekosea wapi? Niko Mbarara.

Jibu: Ndugu, bila shaka uliweka ribiti za chuma. Bodi ya hiyo gari ni aluminiamu, na aluminiamu ikigusana na chuma mvua ikiingia, aluminiamu ndo inaliwa, huo unga ndo mwili wake unaoisha. Toa zote, kwaruza mpaka upate bati safi, pale ambapo lazima bati likutane na fremu ya chuma paka praima ya zinki pande zote mbili na ufunge ikiwa bado mbichi, halafu weka ribiti za aluminiamu. Hapa za pop zinakubalika maana hazibebi mzigo mkubwa, ila chagua zilizozibwa mwishoni, upande wa ndani, ili maji yasipite. Anza na zile za chini karibu na matairi, huko tope linakaa muda mrefu.