Mwanangu achanjwe au tusubiri? Maswali yenu kuhusu homa ya mafua

Maswali ya wiki hizi karibu yote yamekuja na wasiwasi mmoja: mlipuko wa homa ya mafua umefika shuleni, mtoto afanyweje? Kabla sijayajibu, tukubaliane kuhusu neno lenyewe. Tunaita "mafua" kila pua inayochuruzika, na hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Mafua ya kawaida humjia mtoto taratibu, anapiga chafya, anapenga kamasi, na bado anacheza. Homa ya mafua, yaani influenza, humwangusha ndani ya saa chache. Mchana alikuwa anakimbia, jioni amejikunja kitandani na joto la nyuzi 39, kichwa kinamuuma, miguu inamuuma, kikohozi kikavu hakimwachi. Chanjo inayozungumzwa hapa ni ya ugonjwa huu wa pili. Kamasi za kila mwezi haizizuii, na mtu asiihukumu kwa hizo.

Watoto watatu darasani kwa mwanangu wanaumwa. Ana miaka 4 na hajawahi kupata chanjo hii. Nimechelewa?

Kwa hao watatu umechelewa. Kwa mlipuko, bado. Virusi vikishamwingia mtoto, dalili hutokea baada ya siku 1 hadi 4, mara nyingi siku ya 2. Chanjo inahitaji kama wiki 2 mwili ujenge kinga. Kwa hiyo ikiwa jana alikaa dawati moja na mgonjwa, sindano ya leo haitawahi. Lakini mlipuko haupiti kwa siku tatu. Hukaa wiki kadhaa, na si ajabu virusi vya aina A vikaanza kupungua ndipo vya aina B vikapamba moto. Mchanje leo.

Sasa sikiliza lile ambalo hukuuliza, maana ndilo linaloharibika zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa homa ya mafua kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zipishane angalau wiki 4. Mwili ambao haujawahi kukutana na virusi hivi hauitiki vya kutosha kwa dozi moja. Wazazi hufurahi na ile ya kwanza, wanarudi nyumbani, na ya pili haionekani tena. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi kabla hujatoka chumba cha chanjo. Mtoto aliyekwisha kupata dozi mbili zamani, hata kama ni miaka tofauti, anahitaji moja tu msimu huu. Kuanzia miaka 9, moja inatosha hata kama ndiyo ya kwanza maishani.

Jumlisha: wiki 4 kati ya dozi, na 2 za kinga kukomaa. Ni wiki 6. Ile kauli ya "tuone kwanza itakuwaje" inazila wiki hizo zote.

Ana mafua kidogo na kikohozi, bila homa. Achomwe?

Achomwe. Swali hili limekuja mara nyingi mno. Kinachoahirisha chanjo ni ugonjwa wa kweli wenye homa kali, si pua inayotiririka. Ukingoja siku mtoto wa chekechea atakapokuwa na pua kavu, hutamchanja kabisa.

Kwenye kadi ya kliniki ameandikiwa Hib, na kirefu chake kina neno "influenzae". Si ndiyo hiyo hiyo?

Siyo. Hib ni bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia, na chanjo yake mara nyingi imo ndani ya ile sindano ya magonjwa matano anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Jina limetokana na kosa la kihistoria. Mwaka 1892 mwanasayansi Mjerumani Richard Pfeiffer alimkuta bakteria huyo kwa wagonjwa wa influenza akadhani ndiye chanzo. Kirusi chenyewe kilitambuliwa kwa binadamu mwaka 1933, lakini bakteria alibaki na jina lisilo lake. Mtoto wako anahitaji zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Alichanjwa mwaka jana. Bado ana kinga?

Ameibakiza kidogo, haitoshi. Kinga hii hufifia ndani ya miezi, na virusi hubadilika. Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi za kuwekwa kwenye chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini. Omba uonyeshwe boksi na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Chanjo ya msimu uliopita isiuzwe wala isichomwe.

Jirani alimchanja mwanawe, na wiki hiyo hiyo mtoto akalala na homa. Chanjo si ndiyo iliyomletea?

Chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai. Kimeuawa na kuvunjwavunjwa, hakiwezi kuzaliana wala kumwambukiza mtu. Mtoto huyo ama alikuwa tayari ameambukizwa, ama alikutana na virusi ndani ya zile wiki 2, ama alishikwa na kirusi kingine kabisa, maana msimu wa mlipuko unakuwa na virusi vya kila namna. Ama alipata athari za kawaida: maumivu palipochomwa, uchovu, joto la wastani, siku 1 au 2 basi.

Madhara makubwa yapo, na mzazi ana haki ya kuyajua. Mzio mkali hutokea kwa mtu kama mmoja katika dozi milioni, na mara nyingi huonekana ndani ya dakika chache hadi saa chache. Ndiyo maana unaambiwa ukae dakika 15 kabla ya kuondoka. Kaa. Wazazi wanaokimbilia gari la kurudi nyumbani ndio wanaonitia hofu, si sindano.

Mwanangu hali mayai, yanamvimbisha mdomo.

Achanjwe kama wengine. Mzio wa mayai si kizuizi tena. Kizuizi ni mzio mkali uliotokana na chanjo yenyewe ya homa ya mafua.

Nilinunua chanjo duka la dawa, muuguzi hakuwepo, nikaihifadhi kwenye friza hadi asubuhi. Imeganda kisha imeyeyuka, inaonekana safi tu. Itumike?

Itupwe. Hakuna jicho linaloweza kuitambua. Chanjo hii huishi kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, protini zake huharibika na hazirudi, hata kama kimiminika kinaonekana vilevile. Ubaya wake ni kwamba mtoto atachomwa, atalia, utaandika tarehe, na kinga hatakuwa nayo.

Kosa hili halifanyiki kwenye friza tu. Kuna anayeibeba kwenye boksi la baridi akiibana juu ya barafu iliyotoka kwenye friza dakika hiyo hiyo. Pakiti ya barafu iachwe nje kwanza hadi ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani, kisha chanjo isiiguse, iwe na kadibodi au kitambaa katikati. Na ukiihifadhi kwenye jokofu la nyumbani, iweke rafu ya katikati. Ukiibandika kwenye ukuta wa nyuma, huko nako huganda, na mlangoni joto hupanda kila unapoufungua. Kuliko yote hayo, mpeleke mtoto mahali ambapo chanjo inahifadhiwa na kuchomwa hapo hapo.

Dozi ya pili ilipaswa kuwa wiki ya 4. Leo ni wiki ya 9. Tuanze upya?

Hapana. Mpe ya pili leo, imekamilika.

Mtoto wangu ana miezi 3. Nani anamchanja?

Hakuna, chini ya miezi 6 hachanjwi. Kinga yake inatoka kwa watu waliomzunguka. Mama akichanjwa akiwa mjamzito, kinga huvuka kwenda kwa mtoto na kumlinda miezi ya mwanzo, na hili wajawazito hawaambiwi vya kutosha. Kama haikufanyika, uchanjwe sasa. Kunyonyesha si kizuizi. Baba achanjwe, msaidizi wa nyumbani achanjwe, kaka na dada wachanjwe. Anayekohoa asimbebe, awe shangazi au bibi. Na mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, ni hospitali siku hiyo hiyo, hakuna kumpa dawa na kusubiri.

Mtoto mwenye afya si aachwe augue, mwili ujijengee kinga wenyewe?

Hoja hii naijua na inanichosha, kwa sababu inadhani homa ya mafua huwaua wagonjwa tu. Wenye pumu, selimundu, kisukari, magonjwa ya moyo, VVU na watoto wote wa chini ya miaka 5 wako hatarini zaidi, kweli, na hao wawe wa kwanza kwenye foleni. Lakini Marekani, ambako vifo vya watoto kwa homa ya mafua vimekuwa vikiripotiwa rasmi tangu 2004, misimu mingi karibu nusu ya watoto waliokufa hawakuwa na ugonjwa mwingine wowote. Na kati ya waliostahili kuchanjwa, takriban 8 kati ya 10 walikuwa hawajakamilisha chanjo.

Sitakuuzia chanjo kwa uongo. Msimu ambao aina zilizochaguliwa zimelingana vizuri na virusi vilivyopo, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Msimu mbaya hushuka chini ya hapo. Mtoto aliyechanjwa anaweza kuugua. Tofauti kubwa inaonekana kwenye wodi: waliochanjwa hulazwa wachache zaidi.

Tena mtoto haugui peke yake. Japani ilichanja wanafunzi kuanzia 1962. Mwaka 1987 wazazi waliruhusiwa kukataa, na mwaka 1994 mpango ukaachwa. Watafiti walipozipitia takwimu za vifo waliona kwamba miaka wanafunzi walipokuwa wakichanjwa, vifo vya msimu wa baridi vilishuka, hasa vya wazee, na mpango ulipoachwa vikapanda. Unapoamua kuhusu mtoto, unaamua na kuhusu bibi anayelala naye chumba kimoja.

Ile ya kupuliza puani je? Anaogopa sindano.

Inafaa kuanzia miaka 2, kama ipo. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo isitumike kwa mwenye kinga dhaifu, anayetumia aspirini kwa muda mrefu, wala mtoto wa miaka 2 hadi 4 mwenye pumu au aliyewahi kubanwa kifua kwa mlio wa filimbi. Akipiga chafya baada ya kupuliziwa, haihitaji kurudiwa.

Akipata homa nimpe nini, na kiasi gani?

Parasetamoli, kwa kilo zake wala si kwa umri wake: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Usimpe kabla ya sindano "kujihami".

Hatari iko kwenye chupa. Dawa hii ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti, nyingine ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine 250. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 150. Kwenye chupa ya kwanza hiyo ni kama mililita 6, kwenye ya pili ni 3. Mama aliyezoea kupima 6 akibadilishiwa chupa bila kusoma lebo anampa mtoto dozi maradufu, mara nne kwa siku, na ini ndilo linaloumia. Tumia sirinji au kipimo kilichokuja na dawa. Kijiko cha jikoni si kipimo. Na dawa nyingi za kifua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo soma lebo zote mbili kabla hujachanganya.

Aspirini kamwe. Kwa mtoto mwenye homa ya mafua inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini.

Wengi mmeuliza pia kuhusu antibiotiki na kujifukiza. Antibiotiki haigusi kirusi. Acheni kununua vidonge viwili vitatu kaunta. Ipo dawa ya virusi, oseltamiviri, inayofanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo; kwa mtoto aliye hatarini, mwulize daktari mapema. Kujifukiza sufuria la maji ya moto chini ya blanketi na mtoto wa miaka 3 ni kutafuta majeraha ya moto, na virusi haviondoki. Asali isitumike chini ya mwaka mmoja.

Nitajuaje kwamba sasa ni hospitali?

Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua fulana, tazama tumbo likipanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima kwenye saa, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Miezi 2 hadi mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Nenda pia kama nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta hewa, midomo imebadilika rangi, anatapika kila kitu, hawezi kunywa, hajakojoa kwa saa 8, ana degedege, au ni mlegevu kiasi cha kutoamka vizuri.

Kuna moja linalowaponyoka hata wazazi makini. Homa imeshuka, mtoto ameanza kula, mnashukuru. Siku ya pili au ya tatu homa inarudi na kikohozi kimekuwa kizito kuliko mwanzo. Mara nyingi hiyo ni nimonia ya bakteria iliyopita pale kirusi kilipoacha njia, na hapo ndipo antibiotiki huwa na kazi. Mpeleke usiku huo huo.