Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Gemu Mpya Inafanana na ya Mwaka Jana?

SWALI: Nina kibanda cha gemu chenye televisheni nne. Kila mwaka nanunua diski mpya ya gemu ya mpira ya kampuni ya EA (Electronic Arts), na wateja wanasema ni ileile, jezi tu ndizo zimebadilika. Anayecheza Career Mode, ile ya kuongoza klabu au mchezaji msimu baada ya msimu, analalamikia makosa yaleyale. Kampuni kubwa hivyo inashindwaje kurekebisha? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Haishindwi. Angalia fedha zinakotoka. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, EA iliingiza takriban dola bilioni 5.6. Kati ya hizo, bilioni 1.62 zilitoka Ultimate Team, yaani pakiti za kadi za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu zake za FIFA, Madden na NHL. Mchezaji wa Career Mode hulipa mara moja, siku ya kununua gemu. Wa Ultimate Team anaweza kulipa kila wiki, na toleo jipya likitoka kikosi chake hakihami naye, anaanza moja. Meneja anayepimwa kwa mapato ya robo mwaka atawapeleka mafundi wake penye malipo ya kila wiki. Ni uamuzi wa kibiashara, na anayeumia ni yule aliyekwisha kulipa.

Wateja wako wana macho. Kwenye mashine ya Nintendo Switch, FIFA 20, 21 na 22 ziliuzwa kwa jina la Legacy Edition: uchezaji wa zamani, vikosi na jezi mpya.

Kwa kibanda, ambako watu wawili wanakaa mbele ya televisheni moja na kucheza Kick-Off, ruka matoleo mawili, nunua la tatu. Sasisha vikosi kwa intaneti msimu huo ukiwa bado unaendelea, kwa sababu baadaye masasisho hukoma. Chukua diski: FIFA 23 na zilizotangulia ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Septemba 2023, baada ya EA na FIFA kuachana, lakini mwenye diski bado anacheza. Na kama kadi yako ya benki imo kwenye akaunti ya mashine, itoe leo hii, au washa sharti la nywila kwa kila malipo. Uwezekano wa kupata kadi huonyeshwa kabla ya kununua pakiti. Kwa wachezaji wakubwa kabisa mara nyingi utasoma “chini ya 1%”. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hii ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko FIFA Points, sarafu ya gemu inayonunulia pakiti. Kijana wa miaka 13 kibandani kwako hana ulinzi huo, ila wako wewe.

SWALI: PES (Pro Evolution Soccer), gemu ya mpira tuliyokua nayo, iliharibikaje ilipoitwa eFootball? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Konami, kampuni inayoitengeneza, ilibadilisha mambo matatu kwa mpigo: jina, injini, yaani programu inayoendesha gemu (kutoka Fox Engine kwenda Unreal), na biashara, kutoka kuuza gemu hadi kuitoa bure na kuuza vilivyomo ndani. Ikaiachia Septemba 30, 2021 ikiwa na klabu tisa tu, nyuso zimepinda na mpira hautabiriki, kisha ikaomba radhi. Toleo 1.0.0 lilifika Aprili 14, 2022. Injini mpya inadai muda, maana mienendo ya wachezaji hupangwa na kupimwa upya. Gemu ya bure hutolewa mapema kwa urahisi zaidi, kwani hakuna mnunuzi atakayedai fedha yake.

SWALI: Sisi ni watatu, tumetengeneza gemu, na mchapishaji wa nje, kampuni ya kuigharamia na kuiuza, anatupa dola milioni 1 na 20% ya mapato. Tusaini? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Msisaini kabla ya kupiga hesabu hii. Tuseme gemu itauzwa dola 20. Duka la mtandaoni likikata 30%, zinabaki 14. Fungu lenu ni dola 2.80 kwa kila nakala, lakini ile milioni kwa kawaida ni mkopo unaolipwa kwa fungu hilo hilo. Mtaumaliza kwenye nakala ya 357,143 hivi. Kufikia hapo mchapishaji atakuwa ameshika milioni 5 nzima, na nyinyi hamjaona senti nyingine. Ombeni mkopo ukatwe kwenye mapato yote baada ya duka, si kwenye 20% yenu: utaisha kwenye nakala kama 71,429. Gharama za matangazo ziwekewe kikomo kilichoandikwa, la sivyo zitaongezwa kwenye deni bila mwisho.

Malipo huja kwa hatua. Andikeni kila hatua inathibitishwa na nini, na kwamba mchapishaji asipojibu ndani ya siku 15 inahesabika imekubaliwa. Studio nyingi ndogo hufa hapa: kazi imekwisha, hundi inachelewa miezi miwili, mishahara inakauka.

Msikubali bonasi inayotegemea alama za wahakiki. Studio ya Obsidian ilitengeneza gemu ya Fallout: New Vegas, iliyotoka 2010, chini ya mchapishaji Bethesda, bonasi ilihitaji alama 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, wakapata 84, wakaikosa. Haki ya jina na msimbo ibaki kwenu, na mradi ukifutwa kila kitu kirudi mikononi mwenu. Wakikataa kifungu hiki cha mwisho, ondokeni hata kama milioni inawatazama.