Babu alitoka Nyasaland: je, mimi ni raia?

Swali: Wakili, habari za kazi. Nimeomba pasipoti, nikaambiwa nipeleke vielelezo vya uraia wa babu mzaa baba. Babu alitoka Nyasaland (sasa Malawi) mwaka 1934 kuja kuchimba dhahabu Lupa, akamwoa bibi, Mnyakyusa wa Rungwe. Baba alizaliwa Chunya 1947, nami hapohapo 1979. Babu, bibi na baba ni marehemu. Mama ni Msafwa. Je, mimi si raia? – Msomaji, Makongolosi

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa mzunguko. Kwa maelezo yako wewe ni raia wa kuzaliwa, na anayekubeba ni bibi, si babu.

Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na miaka ya 1930 Chunya ikajaa watu, wakiwemo wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia). Mkoloni alitaka mikono ya kuchimba. Uraia wa Tanganyika haukuwapo, basi wa kuuulizia hakuwapo pia. Baadaye vijana wetu wa Rungwe nao walikuwa wanapanda Wenela, shirika lililoajiri vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kwenda Joni (Johannesburg).

Swali la uraia lilikuja na uhuru. Sheria ya wakati ule haikutazama kabila wala jina la ukoo. Ilisema hivi: aliyezaliwa Tanganyika, na tarehe 8 Desemba 1961 alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, anakuwa raia wa Tanganyika tarehe 9, mradi mzazi wake mmoja awe amezaliwa Tanganyika. Mzazi mmoja, baba au mama; kwa baba yako, mzazi huyo ni bibi yako wa Rungwe. Baba yako alikuwa na miaka 14; alilala bila uraia wa Tanganyika, akaamka nao, bila kujaza fomu yoyote.

Mtoto wa jirani yake pale mgodini, ambaye wazazi wote wawili walitoka Nyasaland, hakupata hivyo. Alipaswa kuomba kuandikishwa. Wengi hawakusikia habari hiyo kabisa, na wajukuu wao ndio ninaowapokea ofisini leo wakiwa na machozi. Hilo huniuma kila mara.

Wewe ulizaliwa baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964, kwa hiyo unaangukia Sheria ya Uraia Namba 6 ya mwaka 1995, kifungu cha 5. Ukikisoma kilivyoandikwa, kinamtambua karibu kila aliyezaliwa nchini tangu siku hiyo. Kiutendaji, lakini, utaulizwa uraia wa wazazi. Usibishane dirishani Uhamiaji, thibitisha wazazi. Na usimsahau mama yako: cheti chake cha kuzaliwa kiende pamoja na vya upande wa baba.

Kazi kubwa ni bibi. Kama alibatizwa Moravian, nenda usharika wa kwao ukaombe daftari la ubatizo. Mwaka jana nilikaa na mzee mmoja wa kanisa tukifungua daftari la namna hiyo, karatasi zimegeuka rangi ya chai, hadi tukaona jina la mama wa mteja wangu kwa wino uliofifia: kijiji, jina la baba yake, tarehe. Mstari mmoja tu, ukamaliza shauri la miaka miwili. Omba nakala yenye muhuri, ongeza kiapo cha mzee wa ukoo aliyemfahamu bibi, na cheti cha kuzaliwa cha baba. Kama baba hakuwahi kuandikishwa, waulize RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo, utaratibu wa kumwandikisha sasa.

Mambo mawili usiyafanye. Usikubali kushauriwa kuomba uraia wa tajnisi (ule anaopewa mgeni kwa maombi) "ili mambo yaishe", maana anayeomba tajnisi anakiri kwamba ni mgeni. Na usichukue karatasi za uraia wa Malawi kwa ajili ya kurahisisha biashara ya mpakani Kasumulu. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na hapo utapoteza huu ulio nao.

Ukishapata mstari wa bibi, nipigie kabla hujarudi dirishani, tuandike barua ya kuambatanisha.