Nani atabeba kombe la futiboli ya vyuo? Anza kwa kuweka pembeni rekodi ya ushindi

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nipo Indiana, nasoma shahada ya pili ya takwimu. Hapa ninapokaa tuna mchezo wetu: kila Agosti kila mmoja anaandika timu nne anazoona zitapigania ubingwa wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa mpira wa yai. Mwaka jana nikasema ngoja nitumie taaluma. Nikachukua rekodi za ushindi za misimu mitatu, nikachanganya na orodha ya AP ya kabla ya msimu (shirika la habari hukusanya kura za waandishi wa michezo kupanga timu bora), nikapata Texas, Penn State, Ohio State na Clemson. Texas haikuingia hata kwenye 12 bora zinazocheza mchujo wa ubingwa, Penn State walimtimua kocha Oktoba, na kombe likabebwa na Indiana, timu ya jimbo hili hili ambayo sikuiandika. Wananicheka hadi leo. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, ila usijipige sana. Indiana ilianza msimu wa 2025 ikiwa ya 20 kwenye orodha hiyo hiyo ya AP, kwa hiyo hao wanaokucheka nao hawakuiandika. Kosa lako ni kwamba vitu viwili ulivyochanganya, kwa kiasi kikubwa, ni kitu kimoja. Waandishi wa AP wanapopiga kura Agosti wanaangalia nani alishinda mwaka jana. Umeihesabu rekodi mara mbili.

Na rekodi ni shahidi mbovu. Msimu una mechi 12 tu kabla ya fainali za kanda (makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja), na nyingi ni dhidi ya vibonde. Zile mbili tatu ngumu zinaweza kuamuliwa na mpira uliodondoka na kudunda upande usiofaa. Ule mpira wa yai unapodondoshwa, nani ataudaka ni karibu sawa na kurusha shilingi. Timu inayoshinda mechi tano kwa tofauti ya pointi tatu tatu mwaka huu haina ujuzi maalumu wa kushinda hivyo. Mwakani bahati ile ile inaweza kuibana.

Mimi mwenyewe yalinikuta kwa TCU (chuo cha Texas Christian) mwaka 2022. Walishinda mechi zao zote 12 za kawaida, nyingi wakitokea nyuma, nami nikaandika kwa kujiamini kwamba hawafiki popote. Wakamfunga Michigan 51-45 kwenye nusu fainali. Nilikaa kimya wiki nzima. Halafu fainali wakachapwa na Georgia 65-7. Namba zangu hazikuwa mbaya, ila mimi nilizisoma vibaya: zilisema "nafasi ndogo", nami nikaandika "haiwezekani".

Basi weka nini badala ya rekodi? Angalia mchezo mmoja mmoja, kila mpira unapoanzishwa. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kipimo wanachokitumia wachambuzi wengi ni hiki: jaribio la kwanza limefaulu ukipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne lazima upate zote. Kwa hiyo yadi nne kwenye jaribio la kwanza la yadi 10 ni kufeli, lakini yadi nne kwenye la tatu lililobakiza tatu ni kufaulu, ingawa kwenye karatasi ya takwimu zinaonekana sawa. Hesabu asilimia ya kufaulu ya mashambulizi na ya ulinzi, na utoe dakika za mwisho mechi ikishaisha kimatokeo, maana pale wanacheza watoto wa benchi. Mfumo wa SP+ wa Bill Connelly umejengwa juu ya fikra hii, na matokeo yake yanapatikana, huna haja ya kuhesabu mwenyewe michezo yote ya timu zaidi ya 130.

Ohio State ya 2024 ndiyo mfano ninaoupenda. Novemba 30 walilala nyumbani 13-10 mbele ya Michigan, timu iliyokuwa imepoteza mechi tano. Mashabiki walitaka kichwa cha kocha Ryan Day. Kwenye rekodi walikuwa timu ya vipigo viwili, ya nne kwenye kanda yao. Lakini kwa msimu mzima ulinzi wao ndio ulioruhusu pointi chache kuliko wote nchini, na mechi moja haikufuta hilo. Wakaingia mchujo kama nambari 8, wakaipiga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14, na Notre Dame 34-23 kwenye fainali.

Hayo ni ya msimu ukishaanza. Agosti huna mchezo wowote wa kupima, kwa hiyo mimi huanza na vitu vitatu: ubora wa mchezo kwa mchezo wa misimu michache iliyopita (wa karibuni ukipewa uzito zaidi), vipaji vilivyosajiliwa, na kiasi cha kazi ya mwaka jana kilichobaki kikosini, hasa kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) na ukuta unaomlinda.

Kuhusu vipaji kulikuwa na kanuni maarufu ya Bud Elliott: hubebi kombe bila angalau nusu ya uliowasajili kutoka sekondari kwa miaka minne kuwa wa nyota nne au tano, yaani daraja za juu za vipaji wanazopewa wangali sekondari. Ilishika mwaka baada ya mwaka, hadi Indiana walipoivunja. Kocha Curt Cignetti alikuja na wachezaji wake kutoka chuo cha James Madison, akaongeza watu wazima kutoka vyuo vingine, na kwotabeki Fernando Mendoza alimtoa chuo cha California. Hawakuwa na nyota nyingi walipomaliza sekondari, lakini walikuwa wameshacheza mamia ya michezo ya chuo. Tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa benchi mwaka mzima, kwa hiyo safu ya vipaji kwenye jedwali lako la hesabu ikihesabu sekondari tu inapima Marekani ya zamani. Wahesabu wanaohamia kwa walichokifanya uwanjani, si kwa nyota zao za utotoni.

Sasa hesabu yenyewe. Ipe kila timu alama ya pointi, yaani ingeishinda timu ya wastani kwa ngapi. Tuseme A ina 24, B ina 17, mechi iko kwa B. Tofauti ni 7, toa 2.5 za uwanja wa nyumbani, inabaki 4.5. Matokeo ya futiboli ya vyuo hutawanyika kwa takriban pointi 16 kuzunguka matarajio, basi gawanya 4.5 kwa 16, peleka kwenye mkunjo wa kengele (unaogeuza tofauti hiyo kuwa uwezekano), A anashinda kwa asilimia 61. Fanya hivyo kwa ratiba nzima, cheza msimu mara 10,000 kwenye kompyuta, hesabu.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: wanaiacha alama ya 24 ikae 24 kwenye misimu yote 10,000. Lakini Agosti hujui kama ni 24. Inaweza kuwa 31 au 17. Kila msimu wa kubuni unapoanza, itikise alama ya kila timu bila mpangilio. Mimi hutumia mtawanyiko wa pointi 6 au 7. Usipotikisa, vigogo watapata asilimia kubwa kupita kiasi na timu kama Indiana zitapata sifuri.

Halafu tenganisha kuingia 12 bora na kubeba kombe. Msimu wa 2025 mabingwa watano wa kanda waliopangwa juu zaidi waliingia moja kwa moja, ndiyo maana James Madison na Tulane waliingia, na wote wawili walitolewa raundi ya kwanza. Ukilazimika kuanzia raundi ya kwanza unahitaji ushindi mara nne. Hata mwenye asilimia 75 kila mechi, akizizidisha mara nne anabaki na 32. Mtu akikwambia Agosti kwamba timu fulani ina asilimia 60 za ubingwa, mwombe akuonyeshe hesabu. Na hapo nyumbani msiandike majina manne, andikeni asilimia, kisha mpimane kwa alama ya Brier (wastani wa mraba wa tofauti kati ya mlichotabiri na kilichotokea).

Kabla ya Agosti lijaribu jedwali lako kwa Florida State. 2023 walimaliza 13-0 kabla ya kuachwa nje ya mchujo, kwotabeki wao Jordan Travis akiwa amevunjika mguu. Lishe jedwali taarifa za hadi Julai 2024 tu, bila kuchungulia. AP waliwaweka wa 10, nao wakamaliza 2-10. Simaanishi jedwali lione 2-10, hakuna aliyeiona. Lakini likikupa Florida State kwenye tano bora, safu ya wachezaji waliobaki haifanyi kazi, na ndiyo ya kutengeneza kwanza.