Maswali ya walimu: Mradi wa mvua, simu moja na wanafunzi 62

Ndugu Mhariri, nafundisha Hisabati na Sayansi darasa la sita wilayani Muheza. Wanafunzi ni 62 na kifaa pekee ni simu yangu. Nataka tupime mvua ya masika ili tujue paa la shule lingevuna maji kiasi gani. Nifanyeje ili mradi usiishie kwenye kuwaonyesha picha tu?

Mwalimu, umeanza pazuri, kwa sababu swali lako lina jibu la namba. Liandike ubaoni na libaki hapo mpaka mradi uishe: paa letu linavuna lita ngapi kwa mwezi? Wiki ya kwanza simu ibaki mfukoni.

Gawa darasa makundi 12: kumi ya watu watano, mawili ya watu sita. Kila kundi lilete chupa ya plastiki ya lita 1.5. Ikateni pale inapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, kisha sehemu ya juu igeuzwe kichwa chini iwe faneli, na kingo zifungwe kwa utepe wa gundi (selotepu). Faneli hiyo huzuia maji yasikauke kwa jua kabla ya kupimwa.

Wengi hubandika rula ubavuni na kusoma sentimita. Msifanye hivyo. Kitako cha chupa kina mabonde na ubavu una mikunjo, kwa hiyo sentimita moja ya chini si sawa na moja ya juu. Pimeni ujazo badala yake. Mdomo mpana wa juu, pale mlipokata, wenye kipenyo cha sentimita 9 una eneo la sentimita za mraba 63.6, hivyo milimita 1 ya mvua huleta takriban mililita 6.4. Nunueni bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila sindano yenyewe, mnyonye maji na kuhesabu. Mkipata mililita 48, gawanyeni kwa 6.4: mvua ni milimita 7.5. Kila kundi lipime kipenyo cha chupa yake mara tatu, maana kukosea nusu sentimita tu hubadilisha jibu kwa zaidi ya asilimia 10.

Chupa ifungwe kwenye kijiti, mdomo uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Iwe mbali na mti au jengo mara mbili ya kimo chake. Someni kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile ya vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki. Namba iandikwe kwanza kwenye daftari la kundi, kwa kalamu ya wino.

Simu itoke Ijumaa, kwa kuingiza namba kwenye programu ya jedwali. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtoto akiandika "7.5mm" ndani ya kisanduku, programu huyaona hayo kuwa maneno, jumla inakiruka na grafu inabaki na pengo. Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu tu. Simu nyingine hutaka nukta, nyingine mkato, kwa hiyo jaribuni namba moja kwanza. Siku isiyo na mvua iandikwe 0. Siku ambayo hakuna aliyepima iachwe wazi. Mkisoma Jumatatu baada ya mapumziko, hiyo ni jumla ya siku tatu. Msiigawe kwa tatu, kwani huenda yote ilinyesha Jumamosi usiku.

Kuwa na chupa 12 ni faida kubwa. Makundi 11 yakipata kati ya 7 na 8, na moja likapata 4, lipelekeni uwanjani likatafute sababu: tawi, chupa iliyoinama, au tundu. Usiwape jibu. Dakika ishirini hizo zina thamani kuliko grafu yoyote.

Mwisho, pimeni paa kwa kupima chini, urefu na upana wa eneo linalofunikwa, wala si mteremko wa bati. Paa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mwezi wenye milimita 60 huleta lita 9,600. Toeni sehemu moja ya tano kwa maji yanayoruka na kuvuja: 7,680. Kama mfereji uko upande mmoja tu, chukueni nusu.

Tuna kadi tatu za micro:bit shuleni, yaani kompyuta ndogo za kufundishia programu, na tunataka kupima unyevu wa udongo. Tumechomeka misumari miwili kwenye udongo wa bustani, tukaunganisha mmoja na 3V (tundu linalotoa umeme) na mwingine na P0 (tundu linalosoma). Namba zinarukaruka hata misumari ikiwa hewani, na baada ya wiki mmoja ulikuwa umeliwa na kutu. Tatizo ni nini?

Matatizo ni mawili. Namba huruka kwa sababu P0 haina kinachoishikilia chini. Hudaka chochote kilicho karibu, hata mkono wako. Wekeni rezista, kipande kinachozuia umeme, ya ohm 10,000 (mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa) kati ya P0 na GND (tundu la kurudishia umeme). Misumari ikiwa hewani, namba itashuka karibu na 0.

Kutu inatokana na umeme kupita kwenye maji ya udongo mfululizo. Ondoeni waya wa 3V, muutie kwenye P1. Programu iwashe P1, isubiri milisekunde 100, isome P0, kisha izime P1. Wakati wa majaribio pimeni kila sekunde 10. Bustanini kila saa inatosha.

Misumari ipitishwe kwenye kipande cha ubao ili ikae sentimita 3 mmoja kutoka kwa mwingine, na izame kina kilekile kila mara, la sivyo mnapima umbali badala ya unyevu. Msinakili namba za shule nyingine. Someni kwenye udongo wenu uliokauka juani, kisha uleule ukiwa umelowa chepechepe. Hiyo ndiyo mipaka yenu. Mkishaweka mbolea ya chumvichumvi, rudieni, kwa sababu namba itapanda bila maji kuongezeka. Na klipu za 3V na GND zisigusane kamwe.

Mimi ni mzazi Kisumu. Mwanangu wa Gredi ya 5 huleta mradi jioni, wa kuwasilishwa kesho. Naishia saiba kuchapisha picha za rangi, nami ndiye ninayefanya kazi. Je, ni haki?

Si haki kwako, na mtoto hajifunzi chochote. Mzazi mwenzetu, mwombe mwalimu kwa upole mradi utengenezwe darasani, nyumbani ije kazi ya kupima au kuuliza tu: bei za sukuma wiki sokoni, lita za maji zinazotumika siku nzima. Walimu wanaosoma hapa, alama zitolewe kwa daftari la vipimo na kwa maelezo ya mtoto mwenyewe ya dakika mbili. Swali "ulikosea wapi, ukarekebishaje?" linamtambua mara moja aliyeifanya kazi. Karatasi ya rangi isiwe na alama hata moja.

Shule yetu haina intaneti. Tumeweka Kolibri, programu ya masomo inayotumika bila intaneti, kwenye kompyuta kuukuu na kununua rauta, lakini tableti zinajikata baada ya dakika chache.

Tableti ikigundua kwamba rauta haina intaneti, huuliza kama ibaki au iondoke. Chagueni ibaki, na mzime data ya simu kwenye zenye laini. Kisha fungueni kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao (namba ya IP), ikifuatwa na :8080. Mkienda mjini kuongeza masomo, chagueni mada mnazohitaji muhula huu, kwani chaneli nzima ya video hujaza diski upesi. Na kompyuta izimwe kwa kufuata utaratibu wake kabla ya kuchomoa waya wa umeme.